Kijivu cha Kaburi la Mzee Raimundi

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Mjomba Wendelin huosha mikono kwa mafuta ya taa. Humimina kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akajipaka hadi kwenye viwiko, akasugua kucha moja moja kwa kipande cha fulana kuukuu, ndipo anapokuja kwenye sabuni na maji. Hufanya hivyo hata kama jana yake hakushika brashi. Hufanya hivyo hata Jumapili. Mkewe hulalamika kwamba chai ya nyumba ile ina harufu ya koroboi tangu waoane.

Niliwahi kusikia chanzo chake. Alipokuwa kijana, ndiyo kwanza ameanza kazi ya kupaka rangi, siku moja kanisani wakati wa kutakiana amani alimnyooshea mkono mama aliyekaa mbele yake. Yule mama akautazama mkono, akainamisha kichwa tu, akageuka.

"Hakuwa na ubaya," Mjomba alisema. "Alikuwa amevaa kitenge kipya."

Mjomba ni kaka wa mama yangu. Kwao ni Mbaha, ziwani, kwenye nyumba ya wavuvi. Baba yao na kaka zake wote walivua usipa, dagaa wa ziwa lile, ila yeye mawimbi yalimshinda. Kila alipopanda mtumbwi alitapika, na watoto wa kijiji wakawa wanamuuliza asubuhi kama leo anakwenda kulisha samaki. Akiwa na miaka kumi na saba akapanda huku milimani Mbinga, akapata kazi ya kukoroga rangi kwa fundi aliyekuwa anapaka ghala la kahawa. Hakurudi tena kwenye mtumbwi. Sasa ana miaka sitini na moja, na madarasa mengi kati ya Mbuji na Mkumbi ameyapaka yeye, juu maziwa, chini kijivu cheusi, kwa sababu udongo mwekundu wa huku ukirushwa na mvua hauachi ukuta mweupe salama.

Kijivu cheusi ndicho kilichompa jina. Watu wasiojua hudhani ni rangi rahisi, nyeusi na nyeupe basi. Mafundi wanajua kwamba kila kampuni ina kijivu chake. Kuna kinachoegemea kijani, kuna kinachoegemea zambarau, na ukipaka nusu ya ukuta kwa kopo la kampuni hii na nusu kwa kopo la kampuni ile, mtu akisimama mlangoni ataona mpaka kama wa shamba na shamba. Walipokwama walimwita Mjomba. Naye alikuwa na njia yake. Alibandua gamba dogo la rangi ya zamani kutoka ukutani, akachanganya kidogo, akapaka kwenye kibati, akakianika hadi kikauke kabisa, kisha akakiweka kibati juu ya ukuta wenyewe na kukitazama asubuhi, mchana na jioni. Hakupatanisha rangi na kopo. Alisema kopo limekaa stoo miaka yote na ukuta umekaa juani.

Hayo niliyajua tangu nikiwa mtoto. Ndiyo maana siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Nilimaliza chuo kikuu Dar es Salaam, shahada ya kemia, nikarudi nyumbani kungoja ajira ya ualimu. Mwaka ukapita. Mjomba ndiye aliyekwenda kwa Urbani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi ya Mbinga, akamwomba anichukue. Urbani alikuwa amenunua mashine ya kuchanganyia rangi, ile unayoiandikia namba nayo inadondosha matone ya rangi kwenye ndoo nyeupe, na hakuwa na mtu wa kuiendesha. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Wateja wakiniuliza kitu nilijibu nikiwa nimetazama mashine. Mjomba, yeye, alikaa kwenye benchi mbele ya duka na kuwatangazia mafundi wenzake.

"Mpwa wangu huyo. Amesoma kemia. Na rangi ni nini? Rangi ni kemia."

Nina jina la mama yake, Vitalia. Kwa sababu hiyo mara nyingi aliniita mama, na sikumbuki kama aliwahi kunikemea.

Mwaka jana mwezi wa sita alifariki Bibi Margareta wa Mbaha. Mumewe, Mzee Raimundi, alikuwa amemtangulia kwa miaka tisa, na Mjomba ndiye aliyelipaka kaburi lake: kijivu cheusi, na upande wa kichwani jina kwa herufi nyeupe. Lile jina hakuliandika Mjomba. Bibi Margareta aliomba brashi akaliandika mwenyewe, herufi zikipanda na kushuka, na akakosea nafasi hata herufi ya mwisho ikabanwa pembeni. Kabla hajafa aliwaambia watoto wake jambo moja tu kuhusu mazishi, kwamba alazwe ubavuni mwa mumewe na makaburi yafanane, mtu akipita aone ni mke na mume. Watoto walikubaliana kwamba la baba lisiguswe, kwa ajili ya mwandiko wa mama. La mama ndilo lifuate la baba.

Mwezi wa kumi mwanaye mkubwa, Mwalimu Cuthbert, alikuja dukani kumtafuta Mjomba. Kaburi lilikuwa limeshasakafiwa. Walitaka libarikiwe tarehe mbili ya mwezi wa kumi na moja, Siku ya Marehemu Wote, ukoo mzima ukiwepo.

"Na Padre atakuwepo," Cuthbert alisema. "Mimi nipo kwenye kamati, Fundi, nakwambia kama ndugu. Wanataka kuona kazi yako pale makaburini kwanza, ndipo waamue habari ya kanisa."

Kanisa lile ndilo Mjomba alilobatizwa. Lilikuwa linakaribia jubilei, na lilikuwa lipakwe upya lote, ndani na nje. Alikuwa amelizungumza kwa miaka mitatu. Alishajua ngazi zitasimama wapi na upande gani wa ukuta unalia maji. Kazi nyingine zote alizifanya kwa watu. Ile alitaka kuifanya nyumbani, mbele ya waliomcheka kwa kutapika mtumbwini. Hakuwahi kuisema hivyo, lakini mama yangu alisema, na mimi niliamini.

Shida ilikuwa kwamba kampuni iliyotengeneza rangi ya kaburi la Mzee Raimundi haileti tena bidhaa zake Mbinga. Mjomba alikuwa amehifadhi kifuniko cha lile kopo. Alikuja nacho dukani, kimechakaa, namba bado inasomeka pembeni.

"Kesho nateremka Mbaha kuchukua gamba," aliniambia. "Kisha nitakuja uniuzie nyeusi na nyeupe, mama."

Nilikuwa nimeshaichukua simu. Nikaiingiza namba ile kwenye mtandao, nikapata jedwali linaloonyesha rangi ya kampuni moja inalingana na ipi ya kampuni nyingine. Ilikuwepo. Kijivu cheusi cha kampuni ya zamani, na mbele yake namba ya kampuni tunayouza sisi.

"Gamba la nini, Mjomba? Namba tunayo hapa."

"Namba ni ya kopo."

"Ni rangi ileile."

Kulikuwa na watu dukani. Urbani alikuwa kwenye kaunta, na kwenye benchi alikuwepo Jastin, fundi kijana mwenye maneno mengi.

"Mzee, mkemia kashasema," Jastin alisema. "Au unataka kwenda kulinusa kaburi?"

"Nataka kuliona," Mjomba alisema.

Sijui nilipata wapi sauti. Siku zote ninapanga sentensi kichwani na kuimeza, na siku ile moja ilitoka nzima, tena kwa sauti ya kusikika hadi nje.

"Macho yanachoka, Mjomba. Namba haichoki."

Wakacheka. Urbani alipiga kaunta kwa kiganja. Jastin aliirudia sentensi yangu mara mbili, akasema ataiandika kwenye pikipiki yake. Mjomba naye alicheka, amechelewa kidogo. Miezi michache kabla alikuwa amekwenda kupimwa macho, na mle dukani ni mimi peke yangu niliyelijua hilo. Nilikuwa nimemsindikiza.

Nikachanganya. Wiki ile mawingu yalikuwa yamekaa chini juu ya mji, mchana unafanana na alfajiri, na dukani tuliwasha taa. Nilipaka kibati, kikakauka, nikakiweka kando ya kifuniko. Vilifanana. Mjomba akavichukua vyote viwili, akavisogeza mbali na uso, akavirudisha karibu, akatoka navyo hadi barabarani. Alikaa huko muda. Aliporudi akaviweka kaunta.

"Haya," alisema.

Nikafunga ndoo na kuibandika karatasi ya namba. Nilifurahi sana siku ile, hata usiku nilipiga simu kwa rafiki yangu wa chuo kumweleza.

Alipaka kaburi tarehe thelathini. Tarehe mbili niliteremka na mama yangu kwa gari la asubuhi. Kutoka Mbinga kuteremka ziwani unavua sweta njiani. Kule chini jua linapiga maji na maji yanalirudisha, na hakuna mawingu ya milimani ya kumsitiri mtu. Misa iliisha kama saa nne, watu wakaenda makaburini kwa maandamano, na mimi nilikuwa nyuma na wanawake.

Niliona kabla hatujafika. Kaburi la Mzee Raimundi lilikuwa kijivu cha jiwe, kimepauka kwa miaka tisa hadi kikawa na joto la udongo ndani yake. La Bibi Margareta kando yake lilikuwa bluu. Kivulini ungesema ni kijivu, lakini pale hapakuwa na kivuli.

Bibi mmoja mbele yangu, dada wa marehemu, Mektilda, akasema bila kujali sauti yake:

"Hii si rangi ya maboti?"

"Ndiyo yenyewe," mwenzake akamjibu. "Mwanangu amepaka mtumbwi wake hivihivi."

"Basi Raimundi yuko nchi kavu, na mkewe wamemsukuma majini."

Kicheko kikapita, cha kujizuia, watu wakifunika midomo kwa kanga kwa sababu ya mahali. Ottilia, binti wa mwisho wa marehemu, hakucheka. Alikuwa ameshika maua ya kuweka juu ya kaburi, akabaki nayo mkononi.

"Aliomba kitu kimoja tu," alisema. "Kimoja."

Padre alisoma sala. Alipofika pale pa kunyunyiza maji ya baraka aliyatazama makaburi yote mawili, akanyunyiza, akaendelea. Sala ilipokwisha Mjomba akavua kofia na kusogea mbele. Hakuna aliyemwita.

"Ndugu zangu," alisema, "rangi haikupatana. Mnaona wenyewe. Nawaomba radhi, na marehemu pia. Nitalirudia kwa mkono wangu."

"Lakini Fundi," Cuthbert aliuliza, naye uso umemshuka, "nilisikia safari hii imetoka kwenye mashine. Nani aliichanganya?"

Mjomba hakugeuka kutafuta mtu.

"Mimi," alisema. "Mimi ndiye fundi."

Nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Mama yangu alijua, akanitazama mara moja, kisha akatazama ziwa. Ningependa kuandika kwamba nilinyamaza kwa haya, kwa kuwa sijawahi kusema mbele ya watu wengi. Watu wanaonijua wangeniamini. Lakini dukani nilisema, na dukani pia kulikuwa na watu. Makaburini nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimepona. Nilisikia ile "mimi" yake nikapata nafuu, na nilitazama viatu vyangu hadi watu walipoanza kuondoka kwenda kula.

Wiki iliyofuata katibu wa kamati alimpigia Mjomba simu. Alikuwa kwenye benchi mbele ya duka, anapiga msasa mlango wa mtu, nami nilimsikia akisema "ndiyo" mara nne au tano, na mwisho "Mungu awatangulie." Kazi ya kanisa ilikuwa imepewa fundi wa kutoka Songea. Akarudisha simu mfukoni, akapuliza vumbi kwenye mlango, akaendelea kupiga msasa.

Habari hupanda mlima upesi. Jastin akaanza kumwita Fundi Maboti. "Fundi Maboti, shikamoo. Leo tunapaka nyumba au tunavua?" Mjomba alijibu, "Marahaba, tunavua," na watu wakacheka naye. Jastin alikuwepo siku ile ya namba. Aliona kila kitu. Lakini nadhani alishasahau, au aliona kwamba kosa la rangi ni la fundi kama vile mtoto ni wa mama. Mimi nilikuwa ndani, naendesha mashine. Nilipanga sentensi. "Jastin, ile ndoo niliichanganya mimi." Ni maneno matano. Niliyapanga siku nyingi na kuyameza.

Mwishoni mwa mwezi, Jumamosi moja, nilimwomba Urbani ruhusa nikateremka Mbaha na Mjomba kumbebea makopo. Hakuuliza kwa nini nakuja. Makaburini hapakuwa na mtu. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, watu wote walikuwa mashambani.

Alikaa chini mbele ya kaburi la Mzee Raimundi na kulitazama kwa muda mrefu kabla ya kufungua kopo lolote. Kisha akachanganya nyeusi na nyeupe kwenye bakuli la bati, akapaka kibati, akakianika juu ya jiwe. Kilipokauka akakiweka ubavuni mwa kaburi. Hata mimi niliona ubluu wake. Akaongeza rangi nyekundu ya kutu, ile wanayopaka mageti kabla ya rangi yenyewe, kwa ncha ya kijiti tu. Kibati cha pili kikaegemea kahawia. Cha tatu kilikuwa giza mno. Kila mara tulingoja kikauke, na katika kungoja huko tulikula mihogo ya kuchemsha aliyotufungia mkewe, na tulizungumza habari za wagonjwa wa ukoo. Katika cha nne alitia tone la njano. Kilipokauka akakiweka juu ya kaburi, pale chini ya mwandiko wa Bibi Margareta, na kibati kikapotea. Nilikuwa nakitazama na sikukiona mpaka alipokiinua.

Alikuwa amemaliza ubavu mmoja wa kaburi la Bibi Margareta alipotokea Ottilia, jembe begani, anatoka shamba. Akasimama. Akalitazama la baba yake, akalitazama la mama yake.

"Sasa wamelala pamoja," alisema. "Asante, Fundi."

Nilisimama.

"Shikamoo, mama. Ile rangi ya kwanza niliichanganya mimi. Yeye alitaka kuja kuchukua gamba, mimi nikamkataza."

Ottilia alinitazama kuanzia miguuni.

"Na wewe ni nani?"

"Mpwa wake."

"Ulikuwepo siku ile?"

"Nilikuwepo."

Alihamisha jembe bega la pili.

"Ungesema siku ile," alisema. "Leo watu wako mashambani."

Akaaga, akaenda zake. Mjomba hakuwa ameacha kupaka. Brashi ilikwenda na kurudi, polepole, bila kudondosha tone, na sikuweza kujua kama amekasirika kwa mimi kusema au kwa mimi kuchelewa. Nilikaa chini upande wa pili wa kaburi nikaanza kufuta vibati, kimoja baada ya kingine, ingawa hakuniambia nivifute. Lilikuwepo swali moja nililokuwa nalo tangu tarehe mbili. Nilikuwa naliogopa, kwa sababu kama alidanganyika na namba kama nilivyodanganyika mimi, basi tulikosea wote wawili na aibu yangu ingepata mwenzake, lakini kama alijua, ningebaki nayo peke yangu.

"Mjomba," nilisema, "ulijua lini kwamba siyo yenyewe?"

Alichovya brashi, akaikamulia kwenye ukingo wa bakuli.

"Siku ileile, nilipotoka nayo barabarani. Niliona ina bluu. Ila nilikuwa nimeshawaambia watu wote kwamba wewe unajua, na nilikuonea aibu kurudi ndani kusema hujui."